Daftari la Wanaorejea

Mabaharia wa pwani yetu walituachia methali isemayo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni kule chini katikati ya chombo, ambako maji yanayovuja hukusanyika yakingoja kutekwa. Baharia atazunguka chombo chote, lakini mwisho atarudi ngamani. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kumcheka mtu aliyekwenda mbali kisha akarudi alikotoka. Katika kurasa hizi nataka kuitumia bila kicheko, kwa sababu watu ninaotaka kuwaeleza wamechekwa vya kutosha.

Hao ni watu waliobadili jinsia kwa msaada wa madaktari, yaani kwa homoni, kwa upasuaji, au kwa vyote viwili, kisha baada ya muda wakarejea kuishi katika jinsia yao ya awali. Ndugu msomaji, tutenganishe mambo mawili tangu mwanzo, maana yakichanganywa hatutafika. Kurejea na kujuta ni vitu viwili. Yupo anayerejea kwa sababu amepoteza kazi, ndugu wamemtenga au mwili wake haukuzipokea dawa, na moyoni hajajuta hata kidogo. Yupo pia anayejuta asirejee, kwa kuwa anaona njia ya kurudi ni ndefu kuliko umri uliobaki. Tena wengi wa waliobadili jinsia hawakurejea wala hawakusema kwamba wamejuta. Nayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba nazungumzia safari nzima. Nazungumzia wale waliorudi.

Sababu ya mzee kama mimi kuchukua kalamu ni hii. Katika mabishano ya miaka hii juu ya jinsia, aliyerejea ndiye anayevutwa na kila upande. Mmoja humsimamisha mbele ya watu kama shahidi wa mashtaka, na mwenzake humwita msaliti au mwongo. Nimesoma habari hizi kwa miaka kadhaa, na historia yake imenifundisha jambo moja: waliorejea wametumiwa mara nyingi kuliko walivyosikilizwa, na chanzo kimojawapo ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyewawekea daftari.

Lugha yetu imenirahisishia kazi. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kusimulia habari ya mtu wa namna hii hujikwaa katika sentensi ya kwanza: atumie kiwakilishi cha kiume au cha kike? Neno atakalochagua litakuwa limekwisha toa hukumu kabla ya habari yenyewe kuanza. Kiswahili hakina mtego huo. Alikwenda ni alikwenda, na alirejea ni alirejea, awe mwanamume au mwanamke. Kiambishi kile kidogo kinatuambia kwamba kuna mtu, na kwa kuanzia hilo latosha.

Basi tuanze na historia. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua mjini Berlin taasisi ya kuchunguza mambo ya jinsia, na huko ndiko baadhi ya upasuaji wa mwanzo wa kubadili jinsia ulikofanyika. Mwaka 1933 Wanazi waliivamia taasisi hiyo, na vitabu na nyaraka zake nyingi vikachomwa moto hadharani. Kwa hiyo hata kumbukumbu za mwanzo kabisa, ambazo zingetuambia wagonjwa wale waliishije baadaye, nyingi ziliishia kuwa majivu.

Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York lilichapisha katika ukurasa wa mbele habari ya Christine Jorgensen, aliyepata kuwa askari wa Marekani, akatibiwa Copenhagen nchini Denmark na kuwa mwanamke. Habari hiyo ilienea duniani. Jorgensen hakurejea, aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 1989. Lakini baada yake watu wengi walianza kugonga milango ya madaktari wakiomba msaada kama alioupata yeye. Mwaka 1966 hospitali ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, ilifungua kliniki maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 1972 Sweden ikatunga sheria ya kumruhusu mtu kubadili jinsia yake katika kumbukumbu za serikali, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Miaka hiyo hiyo nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu. Somo la saikolojia lilikuwa na mjadala mmoja usiokwisha: mtoto anajengwa na urithi au na malezi? Mmarekani John Watson, tangu mwaka 1924, alikuwa amedai kwamba ukimpa watoto wachanga wenye afya, atamfanya yeyote kati yao awe daktari, mwanasheria au mwizi, apendavyo. Sisi walimu tuliipenda nadharia ya malezi, maana iliikuza kazi yetu. Mtoto ni udongo, mwalimu ni mfinyanzi. Nani asiyependa kuwa mfinyanzi? Nataja jambo hili kwa sababu ndani ya hewa hiyo hiyo ya mawazo kilitokea kisa ambacho hakuna anayeweza kuandika juu ya kurejea bila kukipitia.

Mwaka 1965, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, walizaliwa mapacha wa kiume, Bruce na Brian Reimer. Walipokuwa na umri wa miezi 8, Bruce alipelekwa kutahiriwa kwa sababu ya shida ya kukojoa. Kilitumika kifaa cha umeme, na kifaa hicho kikamuunguza uume usiweze kutengenezeka. Wazazi wake walikuwa vijana, nao hawakujua la kufanya. Mwaka 1967 walimwona katika televisheni mtaalamu wa Johns Hopkins, Dkt. John Money, akieleza kwamba jinsia ambayo mtu hujiona anayo hutokana zaidi na malezi ya miaka ya mwanzo. Wakamwendea. Ushauri ulikuwa mtoto alelewe kama msichana. Alipokuwa na umri wa karibu miaka miwili aliondolewa korodani, akapewa jina la Brenda, na wazazi wakaagizwa wasimwambie kamwe.

Kwa mtafiti, kisa hicho kilikuwa kama zawadi: mapacha wenye urithi mmoja, wawili katika nyumba moja, mmoja akilelewa kwa gauni na mwingine kwa kaptura. Mwaka 1972 Money aliutangazia ulimwengu kwamba jaribio limefanikiwa, na vitabu vya kiada vikalichukua hilo kama jambo lililokwisha thibitishwa. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mtoto alizikataa nguo za kike, alidhihakiwa shuleni, akakataa upasuaji zaidi, na alipofika umri wa balehe alisema angejiua kama angelazimishwa kurudi kwa daktari yule. Mwaka 1980, akiwa na miaka 14, baba yake alimweleza ukweli. Mara moja aliamua kuishi kama mwanamume, akajichagulia jina la David, kwa kumkumbuka yule mdogo aliyelishinda jitu.

Sasa angalia tarehe. David alirejea mwaka 1980. Makala ya kitaalamu iliyosema wazi kwamba jaribio lile lilishindwa, iliyoandikwa na Milton Diamond na Keith Sigmundson, ilitoka mwaka 1997. Kwa miaka 17 mtu alikuwa amekwisha rudi, na vitabu vilikuwa bado vinasema hajaondoka. Kwa miaka hiyo yote kuna wazazi wengine, wa watoto waliozaliwa na maumbile yasiyoeleweka kwa urahisi, walioshauriwa kwa kutegemea mafanikio ambayo hayakuwepo. David alioa mwaka 1990, akawalea watoto watatu wa mkewe, akakubali hatimaye jina lake litajwe hadharani ili wengine wasipitishwe njia ile. Pacha wake alifariki mwaka 2002. Yeye alijitoa uhai mwaka 2004, akiwa na miaka 38.

Kisa cha David si cha mtu aliyeomba kubadili jinsia. Yeye aliamuliwa akiwa bado hajaweza kusema. Hata hivyo tazama alivyogombaniwa. Wapinzani wa kubadili jinsia husema: mmeona, maumbile hayabadilishwi. Watetezi nao husema: mmeona, jinsia mtu anayoihisi ndani haiwezi kufutwa kwa malezi, na ndiyo sababu tunataka watu waaminiwe wanapoieleza. Kila upande umebeba kipande cha maisha yake. Mimi ninachokiona hapo kwanza ni mtoto aliyesema hapana kwa miaka mingi, na watu wazima wenye madaftari mkononi walioandika ndiyo.

Hospitali ile ile ya Baltimore inatupa mfano wa pili, ulioegemea upande mwingine. Mwaka 1979 daktari wa akili Jon Meyer na msaidizi wake Donna Reter walichapisha uchunguzi wa watu waliopata kuomba upasuaji katika kliniki ile. Waombaji waliowalenga walikuwa 100. Waliofuatiliwa ni 50, na kati yao waliokuwa wamepasuliwa ni 15 tu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba upasuaji haukuleta faida inayoonekana katika maisha ya kijamii, kama vile kazi na makazi, ingawa wenyewe waliopasuliwa waliridhika nao. Mwaka huo huo upasuaji ulisitishwa, na hospitali haikurudia huduma hiyo mpaka mwaka 2017. Tazama jinsi mlango ulivyofungwa kwa kuhesabu watu 15, kama ulivyofunguliwa kwa kutohesabu vizuri. Pande zote mbili zilikuwa na haraka kuliko ushahidi.

Hapa naomba niseme kidogo juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwa sababu ndiyo iliyonipa macho ya kuyatazama haya. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kabatini kulikuwa na daftari la uandikishaji. Mtoto akiingia shule aliandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na kijiji. Akitoka, kulikuwa na nafasi ndogo ya maneno mawili: amehama, amefariki, mtoro. Wakaguzi walipokuja waliuliza walioandikishwa ni wangapi na waliofaulu ni wangapi. Sikumbuki mkaguzi aliyeniuliza habari za watoro, isipokuwa idadi yao.

Nilijiwekea daftari la pili, la kurasa 96, nikaandika humo kila aliyetoka na sababu aliyoitoa yeye mwenyewe au mzazi wake. Ilibidi kutembea. Msichana mmoja aliyeandikwa mtoro nilimkuta akimuuguza bibi yake ambaye hakuwa na mtu mwingine. Mvulana mmoja alikuwa ameacha kwa sababu ya fimbo za mwalimu fulani. Mwingine hakuwa na sababu yoyote ya nje. Shule ilikuwa imemshinda tu, akasema hivyo bila aibu. Kama ningewaandika wote mtoro ningekuwa nimesema kweli, na nisingekuwa nimejua kitu. Msichana yule alirudi mwaka uliofuata. Alipoingia darasani alikuta dawati lake limekwisha pewa mwingine, akasimama karibu na mlango asijue akae wapi, na wenzake wakicheka. Siku ile niliongeza katika daftari langu safu moja zaidi: akirejea, atakaa wapi?

Kwa jicho hilo tuzitazame takwimu za Ulaya. Sweden, kwa kuwa ilikuwa na sheria tangu 1972, ina kumbukumbu nzuri kuliko nchi nyingi. Watafiti walipitia maombi yote ya miaka 50, kuanzia 1960 hadi 2010. Walioomba walikuwa 767. Waliokubaliwa na kubadilishiwa jinsia kisheria ni 681. Kati ya hao, walioomba warudishiwe jinsia ya awali ni 15, yaani asilimia 2.2, na sehemu hiyo ilizidi kupungua kadiri miaka ilivyokwenda. Katika kliniki ya Amsterdam, waliofika kati ya 1972 na 2015 walikuwa 6,793. Miongoni mwa walioondolewa korodani au ovari, waliotambuliwa kuwa wamejuta hawakufika mtu mmoja katika kila 100.

Tarakimu hizi ni za kweli na hazipaswi kupuuzwa. Anayesema kwamba wengi hujuta hana ushahidi wa kumtosha. Lakini mwalimu mkuu aliyewahi kutembelea watoro atauliza swali la pili: aliyehesabiwa ni nani? Sweden ilimhesabu aliyekwenda mwenyewe dirishani kuomba karatasi zibadilishwe. Asiyekwenda hakuhesabiwa. Amsterdam, kama watafiti wenyewe walivyoeleza kwa uaminifu, watu 36 katika kila 100 hawakuonekana tena kliniki, na hao huenda wako salama salimini, huenda sivyo. Tena waliojuta walichukua wastani wa miezi 130, karibu miaka 11, kabla ya majuto kujulikana. Majuto ni mjukuu; huja baadaye. Kwa hiyo aliyetibiwa juzi hawezi kuingizwa leo katika hesabu ya wasiojuta.

Juu ya sababu za kurejea, kuna tafiti mbili za Marekani ambazo ningependa zisomwe pamoja kila mara, kama watoto mapacha. Zote zilichapishwa mwaka 2021. Ya kwanza, iliyoongozwa na Jack Turban, ilitumia majibu ya zaidi ya watu 17,000 waliokuwa wamechukua hatua za kubadili jinsia. Asilimia 13.1 walisema wamewahi kurejea kwa muda fulani, na wengi wao, asilimia 82.5, walitaja angalau sababu moja ya nje: wazazi, unyanyapaa, ugumu wa kupata kazi. Ya pili, ya Lisa Littman, iliwauliza watu 100 waliorejea. Humo asilimia 60 walisema waliacha kwa kuwa waliona sasa wanaweza kuishi kwa amani na jinsia waliyozaliwa nayo, na zaidi ya nusu walisema hawakuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza tiba.

Je, moja ni ya uongo? La hasha. Waliulizwa watu tofauti. Utafiti wa kwanza uliwauliza watu ambao bado walijitambulisha kuwa wamevuka jinsia. Aliyerejea moja kwa moja hakuwemo. Wa pili uliwakuta wengi kupitia mikusanyiko ya waliorejea wenyewe kwa wenyewe. Ni kama kuuliza habari za utoro darasani, kisha kuuliza sokoni. Utapata majibu mawili na yote ni ya kweli. Tarakimu iliyonishika zaidi katika utafiti wa Littman ni nyingine, nayo haitajwi sana: ni watu 24 tu kati ya 100 waliorudi kumwarifu daktari aliyewatibu kwamba wamerejea. Waliobaki walikwenda zao kimya. Daktari yule, akiulizwa leo, atasema kwa nia njema kabisa kwamba wagonjwa wake wako vizuri.

Kimya hicho nacho tukiheshimu. Mwezi Aprili 2007 mwandishi wa michezo wa gazeti la Los Angeles Times, Mike Penner, aliwaeleza wasomaji wake kwamba amebadili jinsia na sasa ataitwa Christine Daniels. Wengi walimpongeza, na akawa mtu wa kutazamwa. Mwishoni mwa mwaka 2008 jina la Mike Penner likarudi juu ya makala zake bila maelezo. Mwaka 2009 alijitoa uhai. Tangu hapo wapo wanaosema alijuta, na wapo wanaosema alivunjwa na shinikizo. Yeye hakutangaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia akikataa kueleza, tusimtilie maneno mdomoni.

Safari ndefu kupita zote za kumtafuta aliyerejea imefanyika Uingereza, na ilianzia mahakamani. Keira Bell alifika katika kliniki ya vijana ya Tavistock, London, akiwa msichana mwenye dhiki. Akiwa na miaka 16 alipewa dawa za kuzuia balehe, akiwa na 17 homoni za kiume, na akiwa na 20 aliondolewa matiti. Baadaye alirejea, akasema mtoto hawezi kuridhia jambo ambalo uzito wake hajaweza kuuona. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Septemba 2021 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kupima uwezo wa mtoto kuridhia ni kazi ya madaktari, kama ilivyoamuliwa tangu mwaka 1985, wala si ya mahakama kuweka kanuni ya jumla.

Kisheria, basi, alishindwa. Lakini swali lake halikuondoka. Wakati huo huduma ya afya ya umma ya England (NHS) ilikuwa imekwisha mpa daktari wa watoto, Hilary Cass, kazi ya kuchunguza huduma yote. Idadi ya vijana waliopelekwa Tavistock ilikuwa imepanda kutoka chini ya 100 kwa mwaka, karibu na 2009, hadi zaidi ya 5,000 mwaka 2021/22, na wengi sasa walikuwa wasichana wa umri wa balehe, tofauti na wagonjwa wa zamani ambao tafiti nyingi ziliwahusu. Ripoti ya mwisho ilitoka Aprili 2024. Ilisema ushahidi juu ya dawa hizo kwa watoto ni dhaifu, ikataka hadhari na uangalizi mpana zaidi wa afya ya akili. Wapo madaktari, hasa Marekani, walioipinga kwa hoja zao. Kliniki ya Tavistock ilikuwa imekwisha fungwa mwezi Machi mwaka huo.

Ndani ya ripoti hiyo limo jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mabishano yote. Watafiti walitaka kuwafuatilia vijana wapatao 9,000 waliopita katika kliniki ile, wajue walipofika utu uzima walikuwaje: nani aliendelea, nani alirejea, nani anaugua, nani anafanya kazi. Ilihitajika kliniki za watu wazima zitoe kumbukumbu. Zilikuwa 7, na zote isipokuwa moja zilikataa kushirikiana. Baada ya ripoti kutoka ndipo zilipobanwa zikubali. Daftari lilikuwapo, ndugu msomaji. Limefungiwa kabatini.

Nafahamu hofu iliyokuwapo. Watu waliobadili jinsia wamepigwa, wamefukuzwa kazi na wamekejeliwa katika nchi nyingi, na wenye kuwahudumia waliogopa kwamba hesabu ya waliorejea itageuzwa rungu la kuwapigia wasiorejea. Hofu hiyo ina msingi; Baltimore ya 1979 inatosha kuwa shahidi. Lakini dawa ya rungu haiwezi kuwa giza. Aliyerejea asipohesabiwa mahali pa uaminifu, atahesabiwa mahali pa chuki, na huko hawatamuuliza sababu. Watamhesabu kama risasi.

Sisi walimu tunajua kwamba shule haiaibiki kwa kuwa mtoto ameondoka. Huaibika pale anapoondoka na mwalimu asijue. Tiba nayo ni hivyo. Hakuna tiba isiyo na majuto kabisa, hata ya goti au ya jicho, na daktari anayekiri hivyo haiharibu kazi yake. Anachodaiwa ni kumweleza mgonjwa kabla ya kisu kwamba wapo wachache waliorudi na sababu zao zilikuwa hizi na hizi. Kumtafuta baada ya miaka 5, 10 na 15. Na akirejea, kumpokea kwa heshima ile ile aliyompokea nayo siku ya kwanza. Maana anayerejea anahitaji tabibu pia: homoni zake zahitaji kupangwa upya, sauti iliyoshuka haipandi yenyewe, kilichokatwa hakioti, na karatasi zake za serikali zina jina ambalo si lake tena. Hao ndio waliosimama karibu na mlango wakitafuta dawati.

Na mimi na wewe, tusio madaktari, tuna sehemu yetu ndogo. Akija mtu na kusema, nilikwenda na sasa nimerudi, tusimkimbilie kwa shangwe kana kwamba ametushindia mechi, wala tusimfukuze kana kwamba ametufungisha. Tumpe kiti. Tumuulize hali. Kama anataka kueleza, tuandike alivyosema yeye.